Zamu ya Luka

Harufu ilikuwa bado haijatoka. Wiki mbili nzima ghala lilikuwa wazi, upepo wa tambarare ya Ndungu ukiingia na kutoka utakavyo, na bado harufu imeng'ang'ania kwenye mabati na kwenye pumba za mpunga zilizobaki sakafuni. Inspekta Asteria Mbwambo alitema mate nje, akafunga leso puani, akaingia. Alikuwa amerudi juzi kutoka kozi, akakuta jalada la kesi hii limeshafungwa kamba, linasubiri kupelekwa kwa wakili wa serikali Moshi siku ya Ijumaa asubuhi. Leo ilikuwa Jumatano.

"Chumba chenyewe ndicho hiki, afande," alisema Koplo Wilbard kutoka nyuma. Yeye hakuingia.

Kilikuwa chumba cha nyuma, hatua nne kwa tatu, hakina dirisha, bati liko karibu na kichwa. Jasho lilimtoka Asteria kabla hajamaliza kuhesabu hizo hatua. Humu ndimo alimokutwa mtu amekufa tarehe 20 Septemba, mlango umefungwa kwa kufuli kwa nje. Mwanamume wa miaka thelathini hivi, msalaba wa mbao shingoni, hana karatasi hata moja. Mhabeshi, mmoja wa wale wanaopitishwa kwa siri kuelekea kusini. Daktari aliandika: kiu na joto, alikufa siku sita hadi tisa kabla ya kukutwa, na siku kamili hawezi kuitaja.

"Kwa kiu," Asteria alisema. "Na hayo ninayoyasikia nje ni nini?"

"Mfereji wa skimu ya umwagiliaji, afande. Unapita hapo nyuma ya ukuta."

"Loh!"

Alimulika ukuta kwa tochi. Maandishi yalikuwa pale pale kama kwenye picha za jalada, mistari miwili iliyokwanguliwa kwa msumari, tarakimu za kawaida lakini herufi za Kihabeshi.

"Nisomee ulichoandika kwenye jalada."

Wilbard akafungua. "Mstari wa kwanza: sita, kumi na tatu, elfu mbili kumi na tano. Zamu ya Luka. Saa mbili usiku. Miguu. Mstari wa pili: moja, moja, elfu mbili kumi na sita. Zamu ya Yohana. Mama. Maji, wimbo, mlango."

"Nani alitafsiri?"

"Simu, afande."

"Simu ilisema zamu?"

"Ilisema wakati wa Luka. Nikaona Kiswahili chake kizuri ni zamu. Si walikuwa wanamlinda kwa zamu?"

Asteria alirudisha mwanga wa tochi ukutani.

"Endelea. Luka ni nani?"

"Sadock. Jina la baba yake ni Luka, Sadock Luka Mgonja, yule dereva aliyekuwa amepanga ghala hili. Na tarehe zinambana, afande. Miaka hiyo ni ya kwao, wako nyuma yetu. Moja moja ni Mwaka Mpya. Nilitafuta mtandaoni: Mwaka Mpya wa Kihabeshi ni tarehe 11 Septemba. Kwa hiyo mstari wa kwanza, siku moja kabla, ni tarehe 10 usiku. Sadock alirudisha funguo kwa mwenye ghala Jumatatu tarehe 11, saa kumi jioni, mbele ya mtendaji wa kijiji. Mtu aliingizwa tarehe 10, ghala likiwa bado lake. Akamfungia, kesho yake akakabidhi funguo, akajiosha mikono. Na marehemu mwenyewe kamtaja ukutani. Amekwisha huyo."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema aliliacha tupu, tena alilifagia. Wote husema hivyo."

"Na Yohana?"

"Tunamtafuta. Ndungu peke yake tumepata kina Yohana kumi na saba. Tumeshawahoji tisa. Mmoja ana miaka themanini na sita, tulimhoji kitandani."

"Mungu wangu," Asteria alisema. Alirudi ukutani, akapitisha kidole juu ya mistari bila kuigusa. "Luka. Halafu Yohana." Akarudia tena, taratibu. "Wilbard, wewe ulipata kipaimara?"

"Nilipata, afande. Kwetu Wakatoliki ..."

"Kabla ya Luka anakuja nani?"

"Kabla wapi?"

"Kwenye Agano Jipya."

"Marko."

"Na kabla ya Marko?"

"Mathayo." Alitazama jalada, akatazama ukuta. "Na baada ya Luka ni ..." Akalifunga jalada polepole.

"Baada ya Luka ni wazee wa watu mnaowahoji kitandani," Asteria alisema. "Sijui hii ni nini, lakini zamu siyo. Katafute kama gereza la wilaya lina Mhabeshi anayejua Kiswahili."

Nje, mtu alikuwa anaimba chinichini, wimbo wa kanisani, mdomo umefumbwa nusu. Alikuwa Mzee Eliufoo, mwenye ghala, mzee wa kanisa, mwenye mashamba ya mpunga kuanzia hapo hadi barabarani. Ndiye aliyetoa taarifa ya maiti. Alikuwa amevaa koti juani. Kwa mkono mmoja alibeba kiti cha plastiki, kwa mwingine ndoo ya chokaa na brashi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi. Keti. Hivi ghala langu mtanikabidhi lini? Mpunga wangu umelala kwenye baraza za watu. Nimeleta chokaa nipake hizo kuta, maana uchafu ule unatia kichefuchefu."

"Uchafu upi, mzee?"

"Yale maandishi."

Asteria hakuketi. "Funguo za hapa ziko ngapi?"

"Mbili, na mimi si mtu wa kuachia ufunguo. Siku ile nilidai zote mbili, na nikamwambia mtendaji aandike: funguo mbili, zote zimepokelewa. Tangu pale zimekaa humu." Alipigapiga mfuko wa koti. "Hata mke wangu hazigusi."

"Baada ya kupokea, ulifungua ghala?"

"Sikufungua. Jioni ile ile nilipanda mlimani, kwenye nyumba yangu ya Mamba, nikashuka tarehe ishirini. Ndipo nikakutana na uvundo."

"Siku zote hizo hata shambani hukufika?"

"Nitafikaje, mwanangu, na mimi niko mlimani?"

"Tuandike hivyo hivyo."

Wakaandika. Mzee alisoma maelezo yake mara mbili, akadai neno "zote" lipigiwe mstari, akasaini kila ukurasa huku akiimba. Alipomaliza akatikisa kichwa. "Lakini jamani, mtu mwenyewe hata hatujui ni wa kanisa gani, na hasara yote naipata mimi."

Asteria alihisi mate yamejaa mdomoni tena. Alisogeza ndoo ya chokaa kwa mguu mpaka nje ya utepe wa polisi. "Ukigusa ule ukuta, mzee, nitakulaza ndani. Mimi mwenyewe."

*

Alhamisi asubuhi Priska, mke wa Sadock, alikuwa kwenye benchi la kituo kama kila siku, hotpoti mapajani. Mumewe alikuwa na wiki mbili mahabusu. Wali alioupika alfajiri, askari wa zamu alikuwa akiuchokonoa kwa kalamu kutafuta wembe.

"Afande, wanasema kesho faili linaenda Moshi."

"Ndivyo lilivyopangwa."

"Likishaenda, ni kesi ya mauaji. Ya mauaji haina dhamana. Nimeuliza." Aliongea bila kulia, macho makavu. "Nina mimba ya miezi saba. Kesi hizi si huchukua miaka?"

"Huchukua."

"Sadock hata kuku hawezi kumchinja. Mimi ndiye huchinja."

Asteria alimwangalia yule askari akiitoa kalamu kwenye wali, akaifutia kwenye suruali, akaendelea kuandikia. Alimnyang'anya ile kalamu, akaitupa kwenye pipa la taka, akaondoka.

Gerezani waliletewa kijana mrefu anayeitwa Handiso. Alikuwa amekamatwa na wenzake kwenye lori mwezi uliopita. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, alikofanya kazi ya kufua magari. Askari magereza mmoja mtu mzima, mwenye kofia ya kufuma chini ya kofia ya kazi, alikaa nao mezani.

Handiso alizishika picha za ukuta. Akavua kofia, akapiga ishara ya msalaba.

"Huyu ni shemasi. Ameandika hapa chini, pamoja na jina yake. Melaku."

Kwenye jalada mtu huyo alikuwa anaitwa "asiyejulikana". Asteria akamgeukia koplo wake. "Simu haikuleta jina?"

"Ilileta 'malaika', afande. Nikadhani ni mambo ya dini. Nikaruka."

"Ukaruka."

"Nikaruka, afande."

"Na Luka ni nani?" Asteria akamuuliza kijana.

"Luka si mtu. Luka ni mwaka." Handiso alihesabu kwa vidole. "Mathayo, mwaka moja. Marko, mwaka moja. Luka, Yohana. Imeisha, unarudi Mathayo. Kila mwaka iko na mwenyewe. Watu ya kanisa wanaandika hivyo, na huyu alikuwa shemasi."

Wilbard alitazama chini. Kina Yohana tisa.

"Na hii sita, kumi na tatu?"

"Siku ya sita, mwezi ya kumi na tatu. Sisi tuko na mwezi kumi na mbili, kila moja siku thelathini, sawasawa. Inabaki siku kidogo mwisho wa mwaka. Hizo ndiyo mwezi ya kumi na tatu, Pagume. Iko na siku tano."

"Mbona ameandika sita?"

"Kwa sababu ni Luka! Mathayo tano, Marko tano, Yohana tano. Mwaka ya Luka peke yake Pagume iko na sita."

"Mwaka mrefu," Asteria alisema. "Kama Februari yetu ya ishirini na tisa."

Askari magereza akacheka. "Kila mtu ana siku yake ya ziada, inspekta. Sisi Waislamu mwaka wetu ni wa mwezi, mfupi kuliko wenu kwa siku kama kumi na moja, ndiyo maana Ramadhani inatembea. Kwenye kalenda zile za hesabu, mwezi wetu wa mwisho, Mfungo Tatu, unapewa siku moja zaidi, miaka kumi na moja katika kila thelathini. Ila sisi tunafuata kuandama kwa mwezi, basi. Hawa wenzetu wanaiweka mwisho wa mwaka. Nyie ndio mmeichomeka Februari, katikati ya njia, hata haieleweki ilikotoka."

"Sasa sikiliza, Handiso," Asteria alisema. Alikuwa amevuta karatasi karibu. "Mwaka Mpya wenu ni lini kwa tarehe zetu?"

"Septemba kumi na moja."

Wilbard akanyanyua kichwa. "Si nilisema?"

"Lakini Luka ikiisha," Handiso akaendelea, "ile siku ya sita inasukuma. Mwaka Mpya inakuwa kumi na mbili. Mwaka hii ilikuwa kumi na mbili."

Asteria aliandika tarehe mbili kubwa kwenye karatasi, akamsogezea Wilbard.

"Wao siku yao ya ziada wameshaiweka, Septemba hii. Sisi yetu ni Februari ijayo. Mpaka hiyo Februari ifike, tunapishana siku moja. Mtandao ulikwambia inavyokuwa miaka mingi. Hukuuliza mwaka huu ilikuwaje."

"Afande, ni siku moja tu."

"Siku moja tu. Mstari wa kwanza si tarehe 10 usiku, ni tarehe 11 usiku, saa mbili. Tarehe 10 funguo zilikuwa kwa Sadock. Tarehe 11, saa kumi jioni, alizikabidhi. Saa mbili usiku zilikuwa kwa nani?"

"Saa mbili yao ni saa mbili yetu?" Wilbard aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Saa tuko sawa," Handiso alisema. "Nyinyi na sisi tunahesabu kuanzia asubuhi. Nairobi nilifurahi sana nilipojua hiyo."

"Nisomee yote sasa. Neno kwa neno."

Kijana akasoma, kidole juu ya picha. Mstari wa kwanza: miguu imevimba, siwezi kutembea, wameniacha hapa, wamesema watarudi asubuhi. Mstari wa pili alianza, akasimama, akaanza tena. Heri ya mwaka mpya, mama. Maji hakuna. Nayasikia yanapita nje. Mtu anaimba. Nimegonga mlango. Kulikuwa na maneno mawili ya mwisho, madogo, pembeni. Handiso aliyasema kwa kunong'ona. Asteria aliyaandika, akamwomba ayarudie, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Hawakurudi kwa nini?" Wilbard aliuliza.

"Nani atarudi? Hiyo asubuhi ndiyo sisi tulikamatwa hapa Same. Barabara yote ilikuwa polisi. Mwaka Mpya yenyewe! Tulikuwa tunaimba ndani ya lori, askari wakafungua turubai, wakashangaa."

Asteria alikuwa ameshasimama. Maneno ya mahabusu mmoja juu ya kalenda, wakili yeyote angeyachana vipande. Alihitaji karatasi ya serikali.

Aliipata kituoni, kwenye kitabu cha matukio, na kuipata kwenyewe kulimtia kinyaa zaidi kuliko ghala. Jumanne, 12 Septemba 2023, saa kumi na moja alfajiri. Lori limesimamishwa, wahamiaji ishirini na watatu. *Walikutwa wakiimba. Walidai kuwa leo ni sikukuu yao ya Mwaka Mpya.*

"Mwandiko wa nani huu?" aliuliza.

Wilbard alisogea, akasoma. Masikio yalimwiva. "Wangu, afande."

"Uliandika mwenyewe, ukaenda kumuuliza simu."

Mkuu wa kituo alimsikiliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. "Asteria, nikamwambie wakili wa serikali kwamba mtuhumiwa ameokolewa na mwezi wa kumi na tatu? Niletee mtu, usiniletee kalenda. Gari la Moshi linaondoka kesho saa mbili."

*

Mgawa maji wa skimu ya Ndungu aliitwa Sifael. Walimkuta mchana ule amesimama kwenye lango la mfereji, suruali imekunjwa, daftari la zamu za maji kwenye mfuko wa nailoni shingoni ili lisilowe. Asteria alimwomba amfungulie Jumanne ya tarehe 12 mwezi wa tisa, siku ambayo marehemu alisikia mtu anaimba kando ya maji. Sifael alilamba kidole, akafunua.

"Hii hapa. Mfereji wa nyuma ya ghala. Saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Mzee Eliufoo."

"Na hiyo saini ni ya nani?"

"Yake mwenyewe."

"Hakumtuma mtu?"

Sifael alicheka. "Mzee Eliufoo amtume mtu kwenye zamu yake ya maji? Labda awe maiti. Husimama pale kwenye kona ya ghala, saa sita nzima, anaimba, hakuna atakayemwibia hata tone. Mbona, siku ile nilimpelekea uji pale pale."

"Alikuwa anaimba?"

"Mwanzoni." Sifael alifikiri. "Kisha akaniambia nizime redio yangu, ati kichwa kinamuuma. Akanihimiza niende. Hata uji hakumaliza."

Asteria alichukua daftari kwa hati, saini mbili, shahidi mmoja. Wilbard aliandika yote bila kuulizwa, kwa herufi kubwa, na hakufungua simu.

Mzee Eliufoo alikuwa barazani kwa nyumba yake ya huku bondeni, ya bati jekundu, mita mia kutoka ghalani. Alikuwa ananawa mikono baada ya chakula, mkewe amemshikia birika. Alikuwa anaimba. Asteria alipanda ngazi, akavuta kiti, akaketi.

"Leo hata shikamoo hakuna?" mzee aliuliza.

"Leo nina maswali. Ghala ulilipokea lini?"

"Nimeshasema. Jumatatu, tarehe kumi na moja, saa kumi."

"Funguo ngapi?"

"Mbili. Zote. Si mmepigia mstari?"

"Tumepigia. Marehemu ameandika kwamba aliingizwa usiku wa siku hiyo, saa mbili. Tumepata hesabu ya kalenda yao, na tumepata kitabu chetu wenyewe kinachoithibitisha. Saa nne baada ya wewe kupokea funguo zote."

Mzee alikausha mikono kidole kimoja kimoja. "Kalenda za Wahabeshi. Mwanangu, mimi ningejuaje? Nilikuwa Mamba."

Asteria aliweka daftari la maji mezani, limefunguliwa. Mzee hakuligusa. Mkewe alilitazama, akaitambua saini, akaiweka birika chini.

"Ulikuwa unaimba kwenye kona ya ghala," Asteria alisema. Alitoa karatasi mfukoni. "Yeye alikuwa ndani. Ngoja nikusomee, maana wewe ulitaka kuyapaka chokaa bila kujua yanasemaje. 'Heri ya mwaka mpya, mama. Maji hakuna. Nayasikia yanapita nje. Mtu anaimba. Nimegonga mlango.' Halafu kuna maneno mawili pembeni." Alimtazama usoni. "'Ameacha kuimba.'"

Inzi walikuwa wanatua kwenye sahani ya mifupa. Hakuna aliyewafukuza.

"Wale wenye lori waliniambia ni usiku mmoja tu," Mzee Eliufoo alisema hatimaye. "Asubuhi wanakuja kumchukua. Hawakuja. Polisi wametapakaa kila mahali, watu wako mashambani, ningefunguaje mchana kweupe? Wangeniona."

"Na usiku wake?"

"Usiku wake nilipanda Mamba."

"Na funguo."

"Na funguo." Alilamba midomo. "Nilifikiri labda atanyamaza tu mpaka warudi. Mimi ni mzee wa kanisa, inspekta. Watu wananijua."

Mkewe aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Walisikia komeo.

Asteria alimsomea mzee haki zake kama zilivyoandikwa, neno kwa neno, kwa sababu hakuuamini ulimi wake siku hiyo. Wilbard alitoa pingu. Mzee akanyoosha mikono, kisha akairudisha.

"Nipeni kwanza maji ninywe. Koo limenikauka."

Koplo akamtazama inspekta. Uso wa Asteria ulikuwa umekunjamana kama mtu aliyeuma kitu kilichooza. Kisha akainua birika mwenyewe, akamimina glasi mpaka juu, akampa. Mzee Eliufoo alikunywa yote bila kupumua, akaifuta midomo, akaomba nyingine. Akampa na ya pili.

Walipomfungia nyuma ya gari, Wilbard alisimama na jalada mkononi. "Afande, na huyu Luka nimwandikeje?"

"Mwinjilisti. Hahitajiki polisi. Kina Yohana tisa utawaendea mmoja mmoja, uwaombe radhi, na yule wa kitandani utaanza naye." Aligeuka, akatema mate kwenye vumbi. "Na mpigie Priska sasa hivi."

"Nimwambieje?"

"Mwambie kesho asilete chakula kituoni. Apike cha watu wawili, ale nyumbani na mumewe."